Sifuri na Kimya

Kila chombo kinachotenda kwa kufuata habari hutegemea uaminifu wa mleta habari. Jahazi lenye nahodha hodari huweza kupanda mwamba ikiwa mtupa bildi amesoma vibaya kina cha maji. Mitambo ya viwandani nayo iko katika hali hiyo hiyo. Kidhibiti cha mwendo huamuru mota izunguke, pistoni isogee, mkono wa chuma ufike mahali fulani na usipite. Na amri zake huzitoa mara nyingi katika kila sekunde bila ya kuchoka. Walakini hakina macho wala masikio. Habari zote za ulimwengu hukifikia kwa nyaya zilizokazwa kwa skrubu mlangoni pake.

Baadhi ya nyaya hizo husema ndiyo au la: mlango wa mashine umefungwa au haukufungwa. Nyingine husema kadiri: shinikizo ni kiasi gani, joto ni kiasi gani, umbali ni kiasi gani. Hizi za pili huitwa za analogi, kwa kuwa umeme wake hupanda na kushuka kwa mfano wa kitu kinachopimwa. Kuzifunga huonekana kazi nyepesi inayotaka bisibisi na dakika chache. Uzito wake hujulikana baadaye, na aghalabu humwangukia mtu mwingine.

Mfano mwema ni mtambo wa kukandamiza mabati kwa nguvu ya mafuta. Silinda yake ikiwa na kipenyo cha milimita 100, na mafuta yakiwa na shinikizo la baa 100, pistoni husukuma kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa tani 8. Kipima shinikizo hupeleka habari kwa kidhibiti, nacho huilinganisha na nguvu kilichoagizwa. Nguvu ikipungua hufungua vali zaidi, ikizidi huipunguza.

Habari hiyo huweza kupelekwa kwa desturi mbili. Katika desturi ya kwanza, volti 0 maana yake hapana shinikizo, na volti 10 ni ukomo wa kipimo, kama vile baa 200. Desturi hii ni nyepesi kuelewa, lakini ina ila moja kubwa. Waya ukikatika, kidhibiti mara nyingi husoma sifuri au karibu yake. Hakiwezi kujua kuwa mjumbe amekufa. Hudhani ameleta habari kwamba shinikizo halipo. Basi hufungua vali ili kuongeza nguvu, ilhali pistoni imekwisha kukandamiza kwa uzito wa tani. Hesabu yake yote ni sahihi, lakini imejengwa juu ya ushahidi wa uongo.

Desturi ya pili iliwekwa ili kuondoa ila hiyo. Habari hupelekwa kwa mkondo wa umeme, kuanzia miliampea 4 mpaka 20. Miliampea 4 ni sifuri ya kipimo, 20 ni ukomo wake, na 12 ni nusu, yaani baa 100 katika mfano huu. Waya ukikatika, mkondo huwa 0, na kwa kipimo hiki 0 si jibu la swali lolote. Kidhibiti huweza kuagizwa kwamba mkondo ukishuka chini ya miliampea 3.6 pana hitilafu, na mashine isimame. Mafundi huiita sifuri hai. Wazo lenyewe ni la tangu zamani: kabla ya nyaya hizi kuenea, viwanda vilipeleka vipimo kwa mabomba ya hewa, kuanzia pauni 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba, na bomba likipasuka kipimo kilianguka chini ya 3.

Baada ya kifo cha mjumbe iko hatari ya uvumi. Kidhibiti cha biti 16 hugawa nafasi iliyo baina ya volti 10 hasi na volti 10 chanya katika hatua 65,536, na kila hatua ni kama milivolti 0.3. Mwenye sikio jepesi hivyo husikia hata mnong'ono usiomhusu, na nyaya za mota zina kelele nyingi. Kwa hiyo nyaya mbili za kipimo husokotwa pamoja, mbinu ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Kelele zikizipata zote mbili kwa kadiri moja, kidhibiti kinachosoma tofauti baina yao hukuta zimefutana. Juu yake huvikwa ala ya shaba iliyounganishwa na ardhi, mara nyingi kwa upande mmoja tu. Ikifungwa pande mbili ambazo ardhi zake hazilingani, mkondo huweza kupita katika ala yenyewe, na mlinzi akawa mleta fujo.

Hata hivyo sifuri hai haitambui kila uongo. Kipima kilichokwama kwenye miliampea 12 huaminiwa siku nzima. Tena, mwandishi wa programu asipoandika amri ya kusimama, waya hulia bure mbele ya asiyesikiliza. Kwa hiyo kinga ya mikono ya mfanyakazi haipasi kutegemea kipimo hicho peke yake. Mfanyakazi anayetia bati chini ya pistoni hazijui nyaya hizo, na fundi aliyezifunga huenda yuko mji mwingine. Kinachowaunganisha ni uangalifu wa siku ile moja.

Waarifu walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Funzo la waya huu huingia hata katika maktaba. Katika daftari la mvua, siku ya ukavu huandikwa 0, na siku ambayo mpimaji hakufika huachwa na alama yake mbali. Anayeijaza siku hiyo kwa 0 huzua ukame ambao mbingu haikuuleta, na mkulima huweza kushauriwa kwa ukame huo. "Hapana" ni habari. "Sijui" ni habari nyingine. Na kimya hakina haki ya kuhesabiwa kuwa mojawapo. Elimu inayozichanganya hufungua vali wakati wa kuifunga.