Mashine ya Kazi Moja

Nimependa muziki wa dansi tangu utotoni, lakini miaka yote niliyosikilizia kwenye simu janja ilikuwa nadra kusikia chemko likafika mwisho. Anayeijua dansi ya Dar es Salaam ananielewa. Wimbo wa bendi ya Mlimani Park hauna haraka. Waimbaji wanaeleza kisa chao ubeti kwa ubeti, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, kisha mambo yanageuka: magitaa yanashika kasi, ngoma zinabadili mwendo, chemko limeanza. Hapo ndipo mteja alipokuwa akipiga kuulizia gauni lake. Asipopiga mteja, unaingia ujumbe wa muamala; usipoingia muamala, kundi la kikoba linalia. Nikimaliza kujibu hamu imekatika, naweka wimbo mwingine ambao nao haufiki.

Mimi ni fundi cherehani, Temeke. Kazi yetu inadai mikono na macho, masikio yanabaki huru kutwa nzima. Kwa mtu wa namna hiyo muziki si anasa, ndio unaomfikisha jioni akiwa bado na moyo wa kazi. Mdogo wangu alipohamia kwenye simu kubwa aliniachia kicheza muziki chake cha MP3: hakina laini, hakina intaneti, hakina kamera. Kina kioo cha ukubwa wa stempu, tundu la eafoni, nafasi ya memori kadi, na klipu ya kubania nguo. Binti ninayemfundisha kazi alipokiona aliniuliza, "Anti, hivi hivyo bado vipo?" Vipo, na hiki kimenibadilishia siku zangu.

Sasa simu inakaa mezani karibu na pasi, na binti ndiye anayepokea nikiwa kwenye mshono mgumu. Kicheza muziki nakibana kwenye ukosi. Vitufe vyake nimevizoea kwa kidole gumba, cha kuongeza sauti, cha kupunguza, cha kusogeza mbele, kwa hiyo macho hayatoki kwenye sindano. Wimbo ukianza, unakwisha. Nimeanza kusikia vitu ambavyo vilikuwemo siku zote: gitaa la pili linavyolipisha la kwanza, besi inavyotangulia kubadilika kabla ya chemko kuingia, pumzi ya mwimbaji karibu na maikrofoni katika zile rekodi zilizofanyika studio za Radio Tanzania. Kutoka hapo nikaingia kwenye taarabu ya zamani, ambayo inadai subira kuliko dansi. Nisingeiweza kwenye simu.

Siku hizi naamini kabisa kwamba chombo ndicho kinachoamua wimbo utasikilizwaje. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama tatu tu, na taarabu ikabidi ienee humo. Vicheza vya kwanza vya MP3 vilivyoingia sokoni mwaka 1998 navyo vilikuwa finyu: Rio PMP300 ilikuwa na megabaiti 32, muziki wa nusu saa hivi. MP3 yenyewe inabana sauti kwa kuacha yale ambayo sikio haliyatambui kwa urahisi. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki inakula takriban megabaiti moja, wakati kwenye CD dakika hiyohiyo inakula kama kumi. Ndiyo maana kadi ya gigabaiti 4, ndogo kuliko ukucha, inabeba nyimbo za dakika nne nne zipatazo elfu moja. Bando halihitajiki, mtandao ukikata hainihusu. Na nikitaka taarifa ya habari kuna redio ya FM, mradi eafoni ziwe zimechomekwa, maana waya wake ndio antena.

Nisiseme mazuri tu. Nyimbo haziingii zenyewe. Lazima upate kompyuta, au uende kibandani kwa vijana wanaoingiza nyimbo kwenye memori, na huko nyingi zimebanwa kupita kiasi hadi matoazi yanasikika kama yamezama majini. Majina nayo yamevurugika: wimbo wa bendi moja umeandikwa jina la bendi nyingine, au umeandikwa namba tu. Nimekaa jioni nyingi na mwanangu tukizipanga upya, jina la bendi, jina la wimbo, kila bendi na folda yake. Kadi kubwa inayozidi gigabaiti 32 huenda isisomeke kabisa kwenye kicheza kidogo, kwa sababu kwa kawaida huja na mpangilio wa faili ambao vingi vya zamani haviutambui. Betri imefungiwa ndani, ikichoka hutoi ukaweka nyingine kama tochi. Na baadhi ya waliovitengeneza wamevipa kisogo: Apple iliacha kuuza iPod shuffle mwaka 2017, na mwaka 2022 ikafunga ukurasa wa iPod yote. Kikiharibika, fundi wa simu anakuangalia tu.

Linalonisumbua zaidi ni masikio. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 anabakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Sisi mafundi tuko hatarini kweli, kwa sababu ovaloki ikianza kuunguruma mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza. Kicheza changu hakinionyi. Nimejiwekea utaratibu: ovaloki ikiwaka, eafoni zinatoka. Na binti aliyeketi pembeni yangu akiweza kuutambua wimbo ninaousikiliza, ujue sauti imezidi, napunguza hapohapo.

Kuna upweke pia. Redio ya kibandani ilikuwa ya wote, hata mpita njia aliitikia kiitikio akaendelea na safari yake. Eafoni zinakunyima hilo. Kwa hiyo saa za alasiri, kazi ikipungua, nachomeka waya kwenye spika ndogo, na wateja wanaokuja kuchukua nguo wanakaa kidogo zaidi. Binti naye, aliyekuwa akisema dansi ni ya wazee, sasa anajua chemko linapokaribia. Mguu wake unatangulia kabla yangu.

Jambo la mwisho linawahusu wanamuziki. Kadi inayojazwa kibandani haimpi mpiga gitaa hata senti. Watu waliotuliza nafsi zetu kwa miongo yote hii wengine wamezeeka bila chochote, na sioni fahari ya kumiliki nyimbo elfu moja ambazo hakuna aliyelipwa hata kwa wimbo mmoja. Bendi ikipiga karibu na kwetu nalipa kiingilio, na wakiwa na CD zao nachukua moja, mwanangu anaihamishia kwenye kadi. Inasikika vizuri kuliko ya kibandani, majina yako sawa, na fedha imefika ilikostahili.

Kama kazi yako ni ya mikono kama yangu, nakushauri utafute kicheza kidogo kabla havijaisha madukani, hata kilichotumika. Kagua tundu la eafoni, hakikisha kina nafasi ya kadi, na nyimbo zako ziwekee nakala mahali pengine, kwa sababu betri haitadumu. Sauti iweke chini. Na ukienda ukumbini, walipe wanamuziki.