Mshale wa Kimo na Miinuko ya Kasulu

Atokaye Kigoma kwenda Kasulu, na hatimaye Kibondo, huliacha Ziwa Tanganyika, lililo kama meta 770 juu ya usawa wa bahari, akapanda miinuko ipitayo meta 1,200. Abiria wa basi huutambua mwinuko huo kwa baridi. Rubani wa zamani aliusoma katika mshale.

Chumba cha rubani ni kitambulisho cha ndege kongwe. Short 827, ndege za majini zilizotumiwa na Wabelgiji kuishambulia Kigoma mwaka 1916, zilikuwa wazi juu. Upepo ulimpiga rubani usoni. Dakota, iliyoruka kwanza mwaka 1935 na baadaye kutumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ina vioo. Lakini ikiwa ardhini hukalia gurudumu la mkiani, pua juu, rubani akatazama mawingu.

Kipimo cha kimo hutegemea mgandamizo wa hewa. Kikirekebishwa kwa usawa wa bahari, hakijui mlima ulio mbele. Ndani ya ukungu, meta 1,000 ni salama juu ya ziwa. Kuelekea Kasulu ni mauti. Ndiyo maana dira, saa na ramani havikumbanduka rubani.