Mbwa Wetu Naye Ataenda ku Moero



Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufungwa, mu nyumba nyingi za kambi zetu kunatokea mazungumzo yale yale: konje hii tutaenda wapi, na nani atabaki kulinda nyumba? Jibu la swali la pili linajulikana mbele: mbwa atabaki. Anafungwa kamba mu lupango, jirani anaachiwa bunga kidogo, kiisha jamaa yote inapanda kamyo. Siku tatu za kwanza jirani anakumbuka. Siku ya nne ana mambo yake. Hapa Likasi nimeona mbwa wa namna hiyo: mifupa mitupu, kamba imemkata shingo. Na wale wanaofaulu kukata kamba wanaenda kuzunguka penye takataka, na huko ndiko wanakouma watoto.

Juu ya hiyo sisi tuliamua kwamba Vumilia, mbwa wetu, atasafiri nasi. Nataka kukueleza namna tulivyotayarisha safari hiyo. Labda wewe huna mbwa. Soma tu, sababu mambo haya yanagusa kila jamaa inayoenda kukaa kwa watu wengine.

Pwani yetu sisi watu wa migodi

Nchi yetu iko na kipande kidogo cha bahari, huko Muanda, karibu kilometa 40 tu. Kwa mtu wa Likasi au Kolwezi, kufika kule ni sawa kwenda nchi ingine. Lakini Mungu hakutunyima pwani. Tuko na ziwa Moero.

Ziwa hilo lina urefu wa kilometa 130 hivi, na mpaka wetu na Zambia unapita katikati. Luapula inaingia upande wa kusini. Ku Pweto, kaskazini, maji yanatoka kwa jina la Luvua, yanakwenda kukutana na Lualaba ku Ankoro. Si ziwa la kina kirefu sawa Tanganyika, ambalo linashuka karibu metre 1470. Moero kwa wastani haifikishi metre 10. Upande wetu milima inasimama karibu na maji, na mu vijiji kuna mahali pa mchanga ambapo watoto wanaweza kukimbia mpaka kuchoka.

Kutoka Lubumbashi unafuata njia ya Kasomeno, kiisha unapanda upande wa Kilwa, Lukonzolwa na Pweto. Mu mwezi wa saba na wa nane mvua hakuna. Njia ina vumbi lakini inapitika kuliko wakati wa matope. Asubuhi baridi inauma, na upepo wa kusini-mashariki unaamsha mawimbi. Beba mablanketi.

Watu watasema

Siku majirani waliposikia kwamba tunaenda na mbwa, mama mmoja aliniuliza: « Batu banakosa nafasi mu motokari, weye unabeba imbwa? » Sikukasirika, sababu swali lake lilikuwa la kweli. Mshahara wa baba wa nyumba ni mdogo, na mtoto hawezi kukosa nafasi kwa sababu ya mnyama. Tulikubaliana mbele: Vumilia atalala chini, penye miguu yetu. Hatanunuliwa chakula cha pekee. Na kama ingelazimu kuchagua kati yake na dawa ya mtoto, dawa ingepita mbele.

Lakini Maandiko nayo yako na neno. Kitabu cha Mezali, sura ya 12, mstari wa 10, kinatufundisha kwamba mtu mwenye haki anajali maisha ya mnyama wake. Mbwa alinde nyumba mwaka mzima, kiisha wakati wa furaha afe njaa penye kamba? Hapana.

Kuna nyakati ni vizuri mbwa abaki. Kama ni mzee sana, ni mgonjwa, ana watoto wa kunyonya, ama anauma watu wasiomtisha, umwache kwa mtu anayemjua vizuri, na umwachie yule mtu chakula cha siku zote, si cha siku tatu.

Mbwa aliyezama mbele ya kufika Moero

Wengi mulisoma ku masomo habari za Livingstone, yule daktari na mmisionari. Alifika ziwa Moero tarehe 8 Novemba 1867. Lakini si wengi wanajua kwamba mu safari ile alikuwa na mbwa mdogo, jina lake Chitane. Tarehe 15 Januari ya mwaka ule ule, mu inchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa pana, maji mpaka kiunoni, chini matope na mashimo. Livingstone alitangulia, bila kuagiza nani atamshika mbwa. Wale waliofuata walikuwa wanajikaza wasianguke. Chitane aliogelea mpaka nguvu ikaisha, akazama.

Angalia vizuri: mu kundi lile hakuna mtu aliyetaka mbwa yule afe. Ila hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumbeba. Bwana wangu alitusomea habari hiyo jioni moja, na mtoto wetu wa mwisho akauliza: « Na Vumilia, ni nani atamushika? » Swali hilo ndilo lililopanga safari yetu yote.

Kila mtu na kazi yake

Tulikaa mezani tukagawanya kazi. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka 15, alipewa kamba: popote kuna watu, mbwa awe mu mkono wake. Dada yake alipewa kidumu cha maji na sahani ya zamani. Wa mwisho alipewa kazi ya kuhesabu: kila kamyo inaposimama na kila inapoondoka, aite jina. Mimi nilipewa chakula na kupatana na wenyeji. Baba alipewa chanjo.

Chanjo ndiyo kazi ya kwanza, na haifanywi siku ya kuondoka. Kichaa cha mbwa, ile watu wanaita raji, ni ugonjwa usio na huruma: dalili zikianza kuonekana ku mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wanaoupata, karibu 99 kwa 100 wameupata kwa mbwa, na ku watu wanaoumwa na wanyama wa kushukiwa, 40 kwa 100 ni watoto wasiofika miaka 15. Mbwa mdogo anachanjwa akiwa na miezi mitatu, na sindano inarudiwa jinsi munganga wa wanyama anavyoandika ku karatasi, mara nyingi kila mwaka. Kama ni sindano ya kwanza, hesabu majuma matatu mbele ya safari, mwili upate nguvu. Karatasi ile uibebe, hata kama unafikiri hakuna atakayeiuliza. Ukitaka kuvuka kwenda Zambia, uliza mapema kwa wakubwa wa mpaka barua gani zinaombwa.

Mbele ya kulipa tiketi, mwambie shofere kwamba kuna mbwa. Shofere mmoja alikataa. Ni haki yake, tukatafuta mwingine. Asubuhi ya safari usimjaze mbwa chakula, atatapika juu ya mizigo ya watu. Mpe maji kidogo kidogo kila mnaposimama. Usimfunge shingo ku chuma cha kamyo: akiruka, atajinyonga. Na usimwache mu motokari iliyofungwa penye jua, hata dakika chache.

Mchanga ule ni meza ya watu

Sasa tunafika penye jambo kubwa. Tulipotuma habari kwa Mama Mukubwa wa bwana wangu, ambaye angetupokea, alijibu hivi: « Mukuye naye, lakini akikanyaga kisense ya batu, njo mutailipa. »

Wewe mtu wa mji unaona mchanga, unafikiri ni mahali pa michezo. Mwanamke wa Moero anaona pale shamba lake. Kisense, wale samaki wadogo, wanavuliwa usiku kwa mwangaza wa taa, na asubuhi wanaanikwa penye jua. Yale unayoona yameng'aa chini sawa feza ni karo ya masomo, ni sabuni, ni dawa. Mbwa mmoja akikimbia pale, akilamba, akikojoa, mali ya jamaa imeharibika kwa dakika moja. Na samaki wale wale wanakuja ku soko zetu, tunawala na bukari hapa Likasi.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatukwenda ku maji. Tulikwenda kusalimia. Mama Mukubwa alitangulia, tukapita kwa mkubwa wa kijiji, kiisha kwa wamama wanaoanika. Walimtazama Vumilia, wakatazama kamba, wakatuonyesha mahali: mbali kidogo, nyuma ya mitumbwi ya zamani, hakuna samaki, hakuna kuku wa mtu. Pale akakimbia kila siku, na hakuna aliyetukana. Uchafu wake kijana alichimba shimo akaufukia. Watu wanauliza ni pwani gani inapokea mbwa. Mimi nafikiri karibu yoyote inaweza, kama mwenye mbwa ameomba njia kwa wenye pwani.

Maji na hatari zake

Mu Moero kuna mamba na viboko. Mbwa anayeogelea na kupiga maji anamwita mamba, na nyuma ya mbwa kuna mtoto anayemfuata. Uliza wavuvi watu wanaoga wapi, na ukae pale pale. Jua likikaribia kushuka, ondokeni penye maji, sababu ni saa ya kiboko kupanda kula majani, na mbwa anayembwekea atamrudisha mbio mpaka kwenu.

Bilharzia nayo iko. Inapenda maji yaliyotulia penye majani na konokono. Usiruhusu watoto kucheza pale kwa sababu mbwa ameingia. Kama mtoto amekojoa damu kiisha safari, umpeleke ku lopitalo na useme wazi kwamba alioga mu ziwa. Dawa iko.

Chakula na matembezi

Chakula cha Moero ndicho kilichotufanya tusitake kurudi. Pale mbichi, samaki mwenye nyama nene, amechomwa ku makaa na chumvi na pilipili. Kisense kwa nyanya na kitunguu. Bukari ya mihogo na mahindi, sombe pembeni. Vumilia alipata mabaki ya bukari na mchuzi bila chumvi nyingi. Mifupa ya samaki aliyepikwa tulimnyima, inakwama mu koo.

Asubuhi tulipanda vilima. Kutoka juu ziwa linaonekana lote jeupe, na mitumbwi sawa punje za mchele. Siku ingine tulifuata Luvua mbele ya Pweto, mahali maji yanaanza kushuka kwa nguvu. Pale kamba haikuachiliwa hata kidogo. Lakini ukitaka kupitia hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, kuangalia maporomoko ya Lofoi, usiende na mbwa. Anafukuza nyama wa pori, na mlinzi akiona mbwa anafikiri mwindaji.

Kama mbwa ameuma

Wazazi na vijana, mukumbuke hii kuliko yote. Mtu akiumwa na mbwa, wake ama wa wengine, osheni kidonda mara moja kwa maji mingi na sabuni, dakika 15 kamili. Musiweke mafuta, majivu wala jiwe jeusi. Kiisha mumpeleke ku lopitalo siku ile ile kuomba chanjo ya raji. Musingoje kuona kama mbwa atakufa. Mu kambi yetu mtoto mmoja aliumwa na mbwa aliyeachwa penye konje. Mama yake alimwosha na kumkimbiza, sindano zote akazimaliza. Leo anacheza mpira.

Mbwa wa Tobia

Mu kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anasafiri mbali, malaika Rafaeli anamwongoza bila kujulikana, na mbwa anawafuata. Wanalala kando ya mto Tigri, samaki mkubwa anataka kumeza mguu wa kijana, wanamkamata, wanamla, na sehemu ingine inakuwa dawa. Mbwa anatajwa mwanzo wa safari, na anatajwa tena wakati wa kurudi. Hafanyi ajabu yoyote. Ila aliondoka nao, na alirudi nao. Nasi tulishuka Likasi usiku, mu vumbi, na wa mwisho akaita jina kwa mara ya mwisho. Hesabu ilikuwa kamili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mu safari yetu ya mwisho, kulikuwa mtu ama mnyama ambaye hakuna aliyepewa kazi ya kumwangalia?

2. Tunapofika kwa watu, tunasalimia mbele, ama tunakimbilia furaha yetu?

3. Mbwa wa kwetu alichanjwa mwaka gani? Karatasi iko wapi?