Makala Zinanilia Hadithi

Najua nimekuwa mtoro. Kuna mmoja wenu aliyeniuliza kama nimehama au nimeugua. La hasha. Niko hapa hapa Mosocho, mvua ya alasiri inanyesha kama ilivyo kawaida ya Kisii, na stima imepotea mara mbili tangu saa nane. Leo hakuna somo la programu. Nataka kuwaeleza nilikokuwa.

Miaka miwili iliyopita nilimwahidi nyanya yangu hadithi. Sisi humwita Magokoro. Alipokuwa msichana alibeba ndizi kichwani kutoka huku hadi soko la Kisii kabla ya jua kuchomoza. Siku moja alirudi bila ndizi na bila pesa, akakataa kumwambia mtu yeyote kilichotokea. Mimi alinieleza. Kisha akasema, "Wewe unajua kuandika. Andika." Nikamwambia ataisoma kabla ya Krismasi. Krismasi mbili zimepita.

Nilikuwa nikiandika nini basi? Makala. Mchana naandika msimbo wa wateja, jioni nabaki na saa moja na nusu yangu mwenyewe. Makala ya kurekebisha simu iliyojaa huisha kwa jioni mbili, na kesho yake kuna watu wanaoshukuru. Hadithi haikupi shukrani. Unakaa nayo mwezi mzima, mwishowe unafuta kurasa kumi. Kwa hiyo kila jioni nilichagua kinacholipa haraka, nikajiambia hadithi itasubiri. Kweli hadithi inaweza kusubiri, lakini Magokoro ana miaka 86.

Mwezi wa Aprili alilazwa siku nane. Nilipoenda kumwona hakuuliza habari za kazi. Aliuliza, "Yule msichana wa ndizi bado yuko njiani?" Nilikosa la kujibu.

Ningependa kusingizia muda. Lakini Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na bado aliandika. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, kisha akawa msoma habari wa runinga huku akiendelea na riwaya. Basi tatizo langu halikuwa muda peke yake.

Tatizo lenyewe nilifundishwa chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Prosesa inapoacha kazi moja ili ishike nyingine, mfumo endeshi huhifadhi kwanza hali ya ile ya kwanza: imefika wapi na imeshika nini. Ndiyo maana ikirudi haianzi upya. Hata hivyo kubadili kuna gharama, na kukizidi, mashine hushinda ikibadilisha kazi badala ya kuzifanya. Mimi nilikuwa nabadili ovyo bila kuhifadhi chochote. Nikiifungua hadithi baada ya wiki, naisoma kutoka ukurasa wa kwanza, na jioni imekwisha.

Sasa nafanya hivi. Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili, ni hadithi tu, na intaneti nimeizima. Kabla ya kufunga naandika mistari mitatu: nani anazungumza, anataka nini, nini kinafuata. Makala nimeziwekea Jumamosi, moja kila wiki mbili.

Si kwamba mambo yamekuwa rahisi. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Msichana wangu akimwita mamake kama Magokoro alivyomwita wake, msomaji wa Mombasa atadhani ni mwanamume anayechochea moto jikoni. Neno hilo moja lilinila asubuhi tatu. Mwishowe nimeliacha, nikalieleza mara moja tu mwanzoni.

Jumapili nilimsomea kurasa tisa, nikimfasiria kwa Ekegusii. Alinikatiza mara moja: "Umesema mikungu mitatu. Nani hubeba mikungu mitatu kichwani?" Nimesahihisha. Ni mmoja.

Zimebaki kama kurasa ishirini. Kwa hiyo mkiona kimya, msidhani nimewasahau. Tukutane Jumamosi baada ya ijayo, stima ikikubali.