Maji Ndani ya Tuta

Kazi yangu karibu yote imekuwa kujibu swali moja: maji yaliyozuiwa na tuta la udongo yanapita wapi ndani ya tuta hilo, na yanatokea wapi? Hakuna bwawa la udongo lisilopitisha maji. Yakipita taratibu na kuishia kwenye chujio la mchanga na kokoto, bwawa litadumu. Yakichomoza kwenye mteremko wa nyuma, huanza kubeba chembe za udongo na kuchimba njia kurudi ndani, na tuta likikatika wanaoishi bondeni huenda wasipate muda wa kukimbia.

Nilipoanza tulitumia penseli na kifutio. Tulifuata njia aliyoifafanua Arthur Casagrande mwaka 1937: mistari ya mtiririko ikatane kwa pembe mraba na mistari ya kimo kimoja cha maji, mpaka vyumba vyote vikaribie kuwa miraba. Mwenye mkono mzuri alipata jibu la kuaminika. Lakini tuta lenye kiini cha mfinyanzi lilitutesa, kwa kuwa mchanga unaweza kupitisha maji mara maelfu zaidi kuliko mfinyanzi, na mistari hupinda vibaya pale viwili hivyo vinapokutana.

Hapo ndipo nilipozipenda elementi finiti. Richard Courant alikwishachapisha mwaka 1943 wazo la kugawa eneo katika pembetatu. Wahandisi wa ndege wakaiingiza njia hii kazini miaka ya 1950, na Ray Clough akaipa jina mwaka 1960. Mlinganyo wa Laplace ndio unaoeleza mtiririko wa maji katika kila tabaka la tuta, ila kwenye umbo lenye mapindo na tabaka hautatuliki kwa kalamu. Basi unaligawa tuta katika pembetatu, unakubali kwamba ndani ya kila moja kimo cha maji kinabadilika kwa mstari ulionyooka, na kila kona ambayo kimo chake hakijulikani inakupa mlinganyo mmoja mwepesi. Hata ikiwa mamia, kompyuta inaitatua yote kwa pamoja.

Kumbukumbu ya kompyuta za wakati ule ilikuwa finyu, hivyo hata kuzipa kona namba kulihitaji akili. Tulihesabu kwa upande mfupi wa tuta, juu kwenda chini, kisha safu inayofuata, ili kona jirani zipate namba zinazokaribiana. Matriki ikajikusanya kandokando ya ulalo wake, na sifuri zilizojaa kwingineko hatukuwa na haja ya kuzihifadhi. Leo programu inafanya hivyo yenyewe. Bado nawafundisha vijana mbinu hiyo, kwa sababu nataka wajue kilichomo ndani ya chombo wanachokitumia.

Ugumu wenyewe uko mipakani. Upande wa bwawa, kiwango cha maji kinajulikana. Chini kuna mwamba: ukiandika kwamba haupitishi maji, kompyuta itakubali, hata kama una nyufa za kupenya kidole. Na uso wa maji ndani ya tuta, ambao nao ni mpaka, haujulikani. Unaukisia, unakokotoa, unausogeza, unarudia. Lakini kosa la mwamba kompyuta hailisahihishi, ndiyo maana sikukubali kamwe kukokotoa bwawa ambalo sijaukanyaga mwamba wake.

Kila kundi jipya la vijana nalisimulia habari ya Sleipner A, jukwaa la zege la mafuta na gesi la Norway. Tarehe 23 Agosti 1991, likizamishwa kwa majaribio karibu na Stavanger, ukuta wake mmoja ulipasuka na jukwaa zima likaenda chini. Watu waliokuwemo waliokolewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba elementi zilizotumika kukokotoa maungio ya kuta hazikufaa, na nguvu za kukata zege zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Hesabu makini iliyofanywa baada ya ajali ilitoa kina cha mita 62 kuwa ndicho cha kushindwa kwa ukuta. Ulikuwa umeshindwa kwenye mita 65. Njia ilikuwa na uwezo wa kuonya.

Kijana unayeanza kazi hii, nakuomba usitie sahihi ripoti kwa kuridhika na rangi nzuri za kwenye kioo. Zifanye pembetatu ziwe ndogo zaidi pale mtiririko unapobana, ukokotoe tena uone kama jibu linatulia. Jumlisha maji yanayoingia na yanayotoka. Kisha nenda kwenye tuta, usome mabomba ya kupimia kimo cha maji, na yakipingana na kompyuta, anza kwa kuikagua mipaka uliyoiandika.