Sinema Nizipendazo na Zile Zinazonichosha

MKE wangu amewaonya watoto wasiketi karibu nami tunapotazama filamu, eti mimi hubishana na kioo. Sikatai. Mtu aliyelipa pesa zake mlangoni, akaongeza za bisi na soda za watoto watatu, ana haki ya kusema alichokiona. Basi leo nitasema.

Nianze na filamu za mapigano, maana ndizo zilizotulea wengi wetu. Commando ya mwaka wa 1985 naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Arnold Schwarzenegger anaingia peke yake katika boma la maadui, jeshi zima linammiminia risasi, na karibu zote zinamkosa kana kwamba zimehongwa. Yeye akifyatua moja, watu watatu wako chini. Nikiwa kijana nilishangilia hadi nikakauka koo. Siku hizi hunijia usingizi. Kinachonichosha si damu, bali ni kwamba hakuna anayeumia. Wanaanguka watu wasio na mama wala mke wa kuwalilia, na stelingi anaondoka akifanya mzaha.

Jackie Chan namheshimu. Katika Police Story, ambayo pia ni ya 1985, aliteremka kwa mlingoti mrefu uliozungushiwa taa za umeme ndani ya jumba la maduka, akaunguza mikono. Alipokuwa akitengeneza Armour of God alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu la kichwa. Naye hafichi: filamu zake nyingi huishia kwa picha za ajali zilizotokea wakati wa kazi. Watoto wangu hawakubali kuinuka kabla ya sehemu hiyo. Pale wanaona kwamba ngumi inauma na kwamba ukuta ni mgumu.

Filamu za siku zijazo, zile za vyombo vya angani na mitambo inayofikiri, nina ugomvi nazo wa aina nyingine. Kelele za mabomu huko juu naweza kuzisamehe, ingawa mwanafunzi yeyote wa fizikia anajua kwamba pasipo hewa sauti haisafiri. Nisichosamehe ni kwamba watu wetu huwa hawamo. Miaka 200 ijayo, magari yanapaa, na Mwafrika haonekani hata akifagia!

Lakini subiri. Katika Return of the Jedi ya mwaka wa 1983 yumo rubani msaidizi mwenye mashavu ya mikunjo anayeitwa Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, wakati huo mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, naye alizungumza Kikalenjin na Kikuyu. Ukiitazama filamu hiyo hapa nyumbani, watu huangua kicheko wanaposikia maneno ya sokoni yakitoka angani. Nami hucheka. Kisha hujiuliza mbona lugha ya mama zetu ilitafutwa pale tu palipohitajika sauti ambayo mtazamaji wa huko ng'ambo hataielewa.

Ndiyo maana naipenda Pumzi ya Wanuri Kahiu, iliyotoka 2009. Ni fupi, kama dakika 20 hivi. Vita vya kugombea maji vimekwisha, ardhi imekauka, na watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa. Mkojo na jasho husafishwa yakanywewa tena. Dada anayeitwa Asha anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake, ananyimwa ruhusa ya kutoka nje, naye anatoroka na mche wake hadi jangwani.

Tuliitazama wakati mifereji ya mtaani mwetu ilikuwa haijatoa tone kwa siku tisa, na mitungi mitupu imejipanga mlangoni. Binti yangu aliye kidato cha pili akaniuliza, "Baba, hii ni ya siku zijazo ama ni ya wiki jana?"

Zimebaki filamu za mambo ya kweli. Wengi huzikimbia wakidhani ni simba kumfukuza pundamilia huku sauti nzito ikieleza. Hizo zipo, na mimi huzilalia. Lakini kuna The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka wa 2019. Kijana Karisa anarudi kwao Pwani baada ya kusikia kwamba nyanya yake, mwanamke aliyepita miaka 90, anaitwa mchawi na watu wa ukoo. Kadiri anavyouliza ndivyo neno shamba linavyojitokeza. Hakuna bastola wala muziki wa kutisha. Ni ajuza tu na jembe lake, na wanaume wazima wanaomwogopa, au wanaojifanya wanamwogopa.

Niliitazama na kaka yangu mkubwa. Sisi tuna shangazi mjane huko nyumbani, na miaka minne ilikuwa imepita kaka hajatia mguu kwake kwa sababu ya maneno ya aina hiyo hiyo. Hatukuwahi kulizungumza. Ilipokwisha alibaki amekodolea kioo, chai imepoa mkononi. Aliniuliza swali moja tu: ni nani hasa aliyeanza kusema? Tulihesabu majina. Kila mmoja wao ana ploti inayopakana na shamba la shangazi.

Desemba hiyo alikwenda, akambebea sukari, unga na leso mbili. Walizungumza nini mimi sijui, ila shangazi alipiga simu kuniuliza kama kaka anakula vizuri, maana amekonda.

Sasa binti anataka kununuliwa kamera, eti naye atengeneze filamu za watu wa kweli. Bei nimeiona. Nimemwambia tuvuke kwanza Januari na karo yake.