Saa 72 Kitandani

Kazi yangu huanza pale daktari anapoandika kwamba mgonjwa yuko tayari kutoka. Mimi ni muuguzi, nilisomea Mombasa, na sasa ni mratibu wa wagonjwa wanaoruhusiwa katika hospitali moja kaskazini mwa Texas. Wengi wanaopita mikononi mwangu ni wazee wa miaka 70 na 80: huyu amevunjika nyonga, yule amepatwa na kiharusi, mwingine alilazwa kwa homa ya mapafu mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Daktari amemaliza yake. Kinachotakiwa sasa ni wiki mbili tatu za mazoezi ya viungo katika kituo chenye wauguzi, ili mtu arudi kwake akiwa anaweza kwenda msalani usiku bila kuanguka.

Mwenye Medicare ya kawaida, ile inayoendeshwa na serikali yenyewe tangu Rais Lyndon Johnson aitie sahihi Julai 1965, akishalazwa rasmi kwa siku 3 anahamia kituoni mara kitanda kinapopatikana. Mwenye Medicare Advantage, ambayo ni ya kampuni binafsi za bima zinazolipwa na serikali ili zimhudumie mzee huyo huyo, ana jambo jingine la kusubiri. Anasubiri kibali cha awali: kampuni ikubali kwanza, ndipo ahamishwe. Kufikia 2024 zaidi ya nusu ya wenye haki ya Medicare walikuwa upande huo wa kampuni, watu kama milioni 33. Wamevutwa na vitu vya kweli, kama meno, miwani na malipo madogo ya kila mwezi, na simlaumu hata mmoja. Mtu akiwa mzima, tofauti haioni. Huiona akishalazwa.

Nakusanya maelezo ya daktari, ya wauguzi, ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, orodha ya dawa, nayatuma kwenye tovuti ya kampuni. Kampuni nyingine bado zinataka faksi, na faksi hizo hupotea. Kisheria ombi la haraka lazima lijibiwe ndani ya saa 72. Kwa aliye ofisini hizo ni siku 3 tu. Kwa bibi wa miaka 82 aliyelala chali ni kitu kingine kabisa. Utafiti mmoja mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kitandani siku 10, nao wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima. Wangu wameshapasuliwa, wamepungukiwa damu, hawana hamu ya kula, na wengine usiku huchanganyikiwa wasijue wako wapi. Tunawainua, tunawatembeza ukumbini kadiri tunavyoweza, lakini wodi si mahali pa kufundishia mtu kutembea upya. Kila siku ya kusubiri kibali inakula nguvu ile ile ambayo kibali kinaombwa ili irudishwe.

Ombi likitumwa Alhamisi mchana, mara nyingi jibu huja Jumapili au Jumatatu asubuhi. Wakati huo kitanda nilichokuwa nimeshikiwa kituoni kimechukuliwa na mtu mwingine. Naanza upya kutafuta kituo, na kwa kuwa vibali vingine hutolewa kwa kituo kilichotajwa kwenye ombi tu, wakati mwingine naanza upya na ombi lenyewe.

Faili zote zina sentensi moja ambayo naisoma kwanza kabla ya kutuma. Ni ile ya mtaalamu wa mazoezi: mgonjwa ametembea futi 40 kwa fremu, akisaidiwa na mtu mmoja. Nimeona futi hizo zikitumiwa pande zote mbili. Akitembea futi 150, barua inasema anaweza kuhudumiwa nyumbani. Akitembea futi 10, barua inasema haonyeshi dalili za kufaidika na mazoezi, anachohitaji ni kutunzwa tu, na Medicare hailipii kutunzwa tu. Wataalamu wa mazoezi ninaofanya nao kazi wanalijua hili, na siku hizi wanaandika kwa uangalifu mkubwa: hawatosheki kuandika futi, wanaeleza alivyopepesuka alipogeuka, mapigo ya moyo yalivyopanda, ngazi ngapi ziko mlangoni kwake, na kwamba anaishi peke yake. Ni kazi nzuri. Lakini ni masaa ya mtaalamu yanayotumika kumshawishi mtu asiyemwona mgonjwa, huku mgonjwa mwingine akimsubiri.

Kampuni ikielekea kukataa, daktari wetu hupewa nafasi ya kuzungumza kwa simu na daktari wao. Nafasi hiyo huwa na saa yake, labda kabla ya saa sita mchana kesho, na daktari wetu yuko kwenye chumba cha upasuaji au ana wagonjwa wengine wodini. Akifaulu kupiga, upande wa pili anaweza kuwa daktari wa fani nyingine kabisa. Mara kadhaa nimesimama kando ya daktari akieleza kwa upole hali ya mgonjwa aliyemgusa asubuhi ile kwa mtu anayesoma karatasi, na nimeona jinsi mazungumzo ya dakika chache yanavyogeuza jibu. Nafurahi yanapogeuka. Hapo hapo najiuliza: kama maneno yale yale yaliyo kwenye faili yakisemwa kwa sauti yanatosha, kwa nini hayakutosha yalipoandikwa?

Jibu moja lipo kwenye takwimu za umma. Mwaka 2023 kampuni za Medicare Advantage zilipokea maombi ya vibali karibu milioni 50, zikakataa milioni 3.2, yote au sehemu. Kati ya kila maombi 100 yaliyokataliwa, yaliyokatiwa rufaa hayakufika 12. Na rufaa zilizokatwa, zaidi ya 80 kati ya 100 zilishinda, kwa ukamilifu au kwa kiasi. Mwaka mmoja kabla, mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alikuwa ameshaeleza kwamba asilimia 13 ya maombi yaliyokataliwa katika sampuli aliyoikagua yalitimiza masharti ya Medicare, yaani mzee angekuwa kwenye Medicare ya kawaida angehudumiwa. Takwimu hizi ndizo zinazonikosesha usingizi. Mlango unaofunguka mara nyingi hivyo ukigongwa tena, uhodari wake wote uko katika kutegemea kwamba wengi hawatagonga.

Naye asiyegonga namfahamu. Mzee mmoja kutoka mashariki ya Kongo alifika Marekani kama mkimbizi akiwa bado na nguvu, akafanya kazi ya kiwanda miaka ya kutosha kupata Medicare, kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Tulimwombea kituo, tukanyimwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kadhaa, na haki ya rufaa ilikuwa imeandikwa humo kwa herufi ndogo. Nilikaa kitandani pake nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Bakubwa bamekatala, mama. Tutafanya je?" Kwa mtu aliyekimbia mbele ya watu wenye amri mkononi, karatasi yenye nembo ni amri. Bintiye naye alikuwa anafikiria kuacha kazi ili amtunze nyumbani, ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti.

Tulikata rufaa ya haraka. Daktari anayemtibu mgonjwa anaruhusiwa kuikata kwa niaba yake bila mgonjwa kumteua kwa maandishi, na daktari akisema kuchelewa kutahatarisha afya, kampuni lazima iishughulikie kwa haraka, saa nyingine 72. Ikikataa tena, faili huenda lenyewe kwa mkaguzi huru nje ya kampuni. Hatukufika huko, kampuni ilikubali. Lakini alipofika kituoni, mguu wake wa kulia ulikuwa mzito kuliko siku tuliyomwombea mara ya kwanza. Hakuna hesabu ya rufaa zilizoshinda inayoonyesha hilo. Kwenye jedwali yeye ni ushindi.

Ndiyo maana naufuatilia muswada wa vibali hivi uliopo Washington kama mtu anavyofuatilia kesi ya nduguye. Ulianza mwaka 2019, ukiwa na waungaji mkono wa vyama vyote viwili: Suzan DelBene wa Democrat na Mike Kelly wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, na baadaye, kwa upande wa Seneti, Roger Marshall wa Kansas ambaye mwenyewe ni daktari. Septemba 2022 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura ya sauti, bila hata kuhesabu kura. Seneti ikausimamisha, kwa sababu ofisi ya bajeti ya bunge ilikadiria kwamba ungegharimu kama dola bilioni 16 katika miaka 10. Ukarudishwa 2024, ukarudishwa tena Mei 2025, na wenye kuuunga mkono ni wengi kuliko wanaohitajika kuupitisha.

Tafadhali itazameni ile bilioni 16. Muswada haukuongeza huduma hata moja kwenye orodha ya Medicare. Ulitaka maombi yatumwe kwa mfumo mmoja wa kielektroniki, yale yanayokubaliwa karibu kila siku yajibiwe papo hapo, na kampuni zitangaze zinakataa nini na mara ngapi. Ofisi ya bajeti ilieleza wazi kwamba masharti hayo yangefanya huduma zitumike zaidi. Basi hizo bilioni 16 ni huduma ambazo wazee wanastahili kwa mujibu wa sheria na hawazipati kwa sababu ya ugumu wa kuziomba. Mimi nimezibebea faili baadhi yake.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Tangu Januari 2024 kampuni zinapaswa kufuata vigezo vile vile vya Medicare ya kawaida, na kibali kikitolewa kidumu kwa muda wote ambao tiba inahitajika. Kanuni nyingine ya mwaka huo inataka, kuanzia 2026, maombi ya kawaida yajibiwe kwa siku 7 badala ya 14, na kila kukataa kutajiwe sababu mahususi. Hii ya sababu imenisaidia kweli: huwezi kujibu barua inayosema "haikidhi vigezo" bila kusema kigezo gani. Lakini kwa mgonjwa aliye kitandani saa bado ni zile zile 72. Isitoshe, kanuni iliyoandikwa na wizara moja inaweza kufutwa na wizara ya serikali ijayo. Ninachokitaka kutoka bungeni ni sheria, na ndani yake mstari mmoja: mzee aliyelazwa hospitali ajibiwe ndani ya saa 24, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Muswada unaipa wizara nguvu ya kufupisha muda huo. Ningependa wabunge waifupishe wenyewe.

Sisemi vibali vyote vifutwe. Nimeona vipimo visivyo na maana, na nimeona viti vya magurudumu vikiagizwa kwa watu wasiovihitaji. Kuna wezi katika tiba kama kwingineko. Ndiyo sababu serikali imeleta majaribio ya vibali hata ndani ya Medicare ya kawaida, kuanzia Januari 2026, katika majimbo 6, Texas likiwemo, kwa huduma chache kama ngozi bandia za kufunikia vidonda. Nia naielewa. Kinachonitia hofu ni malipo: kampuni za teknolojia zinazopitia maombi hayo hulipwa sehemu ya fedha zilizookolewa. Anayelipwa kwa kukataa atakataa, hata akiwa mashine iliyoandikwa na watu wema. Mwaka 2021 Texas ilipitisha sheria inayomwondolea daktari usumbufu wa vibali ikiwa maombi yake 90 kati ya 100 yamekuwa yakikubaliwa. Ni wazo la busara. Kwa wazee wangu haifanyi kazi, maana Medicare Advantage iko chini ya sheria za shirikisho, na hapo tunarudi Washington.

Wenzangu wa Afrika Mashariki mnaowajazia wazazi fomu za bima hapa Marekani, dirisha la kubadilisha hufunguliwa kila mwaka Oktoba 15 na kufungwa Desemba 7. Wakala atakuonyesha meno na miwani. Mwulize vituo gani vya mazoezi viko ndani ya mtandao wa bima hiyo, kwa jina na mtaa, kisha vipigie simu mwenyewe uulize vibali vya bima hiyo huchukua siku ngapi. Watakwambia, wanajua vizuri. Ujue pia kwamba mzazi akitoka Medicare Advantage kurudi Medicare ya kawaida baada ya kuugua, bima ya nyongeza ya kufidia sehemu ambayo serikali hailipi inaweza kukataa kumpokea mzazi wako kwa sababu ya ugonjwa wake; ni majimbo machache tu yanayoikataza kufanya hivyo, na Texas si mojawapo. Miezi 6 ya kwanza akiwa na miaka 65 na zaidi na ameshajiandikisha sehemu B ya Medicare, bima hiyo haiwezi kumkataa.

Na barua ya kukataa ikifika, usiiweke kwenye droo. Mwambie daktari wake aombe rufaa ya haraka siku hiyo hiyo, mwulize mratibu wa hospitali sababu iliyotajwa ni ipi, na mtake mtaalamu wa mazoezi aandike ngazi zilizo mlangoni kwenu.